Nakala Kumi na Moja za Changarawe

Sorrel Falls, Minnesota
9 Juni 2020

Dada Verna,

Mimi mzima, paka mzima, goti la kushoto linalalamika kama kawaida yake. Mahindi yamefika kwenye kifundo cha mguu, na jirani yangu Oleta bado anaosha ndizi kwa sabuni kabla ya kuziingiza ndani. Natumaini wewe na shemeji mko salama huko jangwani kwenu. Ningepiga simu, lakini wewe husikii, na mimi sipendi kupiga kelele peke yangu jikoni. Tuendelee na barua.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba uuzaji wetu wa kila mwaka wa vitabu vilivyotumika haukufa. Chuo kiliwarudisha wanafunzi kwao mwezi Machi, maktaba ikafungwa, na sisi Marafiki wa Maktaba tukaambiwa tukae nyumbani. Wengi wetu tumepita miaka sabini na mitano, kwa hiyo ushauri haukuwa mbaya. Lakini watu waliofungiwa ndani wameanza kusafisha stoo zao, na watu wa mji huu hawawezi kutupa kitabu. Wanamletea mtu mwingine akitupe. Kila asubuhi tunakuta masanduku ya ndizi yamejaa vitabu mbele ya mlango wa maktaba, mengine yamelowa umande. Humo kuna vitabu vya kupunguza unene, ensaiklopidia zilizopoteza herufi M, na mpaka leo miongozo saba ya namna ya kujificha dunia itakapokwisha mwaka 2000.

Chuo kimetupa ukumbi wa mpira wa kikapu, na mwenyekiti wetu ni Duane Haugland. Unamkumbuka, yule daktari wa meno. Miaka arobaini aliongea na watu waliofunguliwa midomo wasiweze kumjibu, na hajagundua kwamba sisi tunaweza. Ameandika kanuni kurasa kumi na nne. Kila kitabu kitakaa karantini siku tatu. Wateja wataweka miadi, watu sita kwa zamu, nusu saa tu. Sakafuni amebandika mishale, na njia ni ya kwenda mbele peke yake: ukishapita mapishi hurudi kwenye mapishi, mpaka uzunguke dini, vita na bustani. Jana tulifanya mazoezi. LaVonne Brekke, ana miaka themanini na moja sasa, alikwama kwenye dini dakika ishirini. Haugland akamwita kwa kipaza sauti, "LaVonne, fuata mishale."

LaVonne akamjibu, "Duane, nimefuata mishale tangu nizaliwe. Tazama imenifikisha wapi."

Sasa la shemeji. Mwambie kitabu chake kimerudi tena. *Changarawe za Bonde la Sorrel*, kurasa mia nne na kumi na mbili, nakala kumi na moja. Kila mwaka tunaziweka mezani na kila mwaka zinabaki mezani. Mwaka jana tulimtumbukizia kila aliyenunua vitabu mfuko mzima nakala moja bila kumwambia. Zote zilirudishwa, na moja ilikuja na barua ya malalamiko.

Nisalimie mwandishi.

Mdogo wako,
Ardis


Tucson, Arizona
2 Julai 2020

Ardis,

Barua imefika baada ya siku tisa, ikiwa na alama ya kikombe cha kahawa. Nadhani ni chako, si cha posta.

Hapa joto ni nyuzi arobaini na tatu. Ndege wanakaa chini ya magari. Wastaafu wenzetu wanazunguka na vigari vya gofu, barakoa zikiwa zimening'inia kidevuni, wakiambizana kwamba ugonjwa ni wa watu wa New York. Wawili wamezikwa wiki iliyopita. Mwanetu Leif anatupigia simu kila Jumapili kutoka Seattle kutuuliza kama tumekunywa maji. Shemeji yako Palmer anakula. Anakusalimu.

Nimeona umeshamdhihaki mwenyekiti wako kabla hata milango haijafunguliwa. Umepiga hatua. Zamani ulikuwa ukisubiri mtu akukosee kwanza.

Kuhusu kitabu, niwekee nakala moja unitumie. Kuna jirani hapa anapenda mawe. Usiifunge kwa gazeti, wino unachafua.

Verna


Sorrel Falls
5 Agosti 2020

Dada,

Salamu kutoka kwa sisi sote tunaopumua. Oleta ameacha kuosha ndizi, sasa anaosha barua. Zako nazipokea kabla hajaziona.

Tulifungua Jumamosi. Dakika ya kwanza kabisa watu wawili waligombania kisanduku cha fumbo la vipande elfu moja, picha ya mnara wa taa. Mmoja alikuwa mchungaji mstaafu. Haugland anatembea na bomba la plastiki la kupimia umbali, lenye urefu wa futi sita, akalipenyeza katikati yao kama refa. Mchungaji akashika ncha moja ya bomba, yule mama akashika nyingine, na Haugland katikati akiwasomea kanuni ya tisa. LaVonne akaja taratibu, akachukua fumbo, akaliweka kwenye mkoba wake, akalipa, akaondoka. Alifuata mishale yote.

Mteja wa pili anayefaa kusimuliwa ni mke wa mkuu wa kitivo kimoja, simtaji. Akaniuliza, "Mnauza kwa urefu?"

Nikamwambia tunauza kwa kitabu.

"Nahitaji futi nne," akasema. "Za bluu. Mume wangu ana mikutano ya video na ukuta nyuma yake ni mtupu."

"Bluu ya mambo gani?"

"Bluu ya bahari, si ya anga."

Nikampa sheria ya kodi ya mwaka 1974, juzuu zote. Juzi Jumatatu mheshimiwa huyo aliongoza kikao akiwa amekaa mbele ya kodi ambazo hazilipwi tena, na nasikia watu wamemsifu kwa usomaji wake.

Mchana tunakula nje kwenye ngazi, kila mtu na ngazi yake. LaVonne alileta viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, akavigawa kwenye vikombe vya karatasi kwa koleo refu la kuchomea nyama. Vilikuwa vimepoa. Tulikula vyote.

Hayo ndiyo ya huku. Kunywa maji.

Ardis


Tucson
30 Agosti 2020

Ardis,

Sisi wazima. Mvua moja imenyesha, dakika nne.

Umeniandikia kurasa tano kuhusu futi nne za bluu, na kuhusu kitabu nilichokuomba sikuona hata herufi. Sijazeeka kiasi cha kutojua mtu anapozungukazunguka. Nakihitaji kile kitabu, na nakihitaji mapema. Itume nakala yoyote, hata iliyochanika, hata ile iliyorudishwa na malalamiko.

Samahani kwa mwandiko. Naandikia juu ya magoti, kwenye kiti cha kukunja, nje ya dirisha la Palmer, na kivuli kimehama.

Verna


Sorrel Falls
14 Septemba 2020

Dada Verna,

Hapa majani yameanza kugeuka rangi na shule zimefunguliwa nusu. Goti liko vilevile.

Nimesoma barua yako mara tatu. Kwa nini unakaa nje ya dirisha la mumeo? Nilitaka kuandika mzaha hapa, kwamba hatimaye amekufukuza kwa sababu ya wali wako, nikaona mkono hautaki. Nyumba yenu ina kibaraza nyuma na mti mmoja wa limau. Haina dirisha ambalo mtu anawekea kiti. Palmer yuko wapi?

Kitabu siwezi kukituma kwa sasa. Mambo ya ukumbini yamechanganyika.

Ardis


Tucson
3 Oktoba 2020

Ardis,

Leif mzima, wanawe wazima. Mlimau umezaa.

Palmer yuko kwenye nyumba ya matunzo tangu tarehe 20 Julai. Nilipokuandikia kwamba anakula, alikuwa anakula, ila alikuwa anakula sabuni ya kuogea. Ilianza miaka miwili iliyopita kwa majina ya watu, ikaja kwenye majina ya vitu. Mwaka huu mwezi wa tano alitoka kwenda kuchukua barua, wakamkuta maili tatu kutoka nyumbani, ameinama kwenye korongo, anajaza mfuko mawe. Mawe hayo aliyajua yote. Polisi aliyemrudisha aliniambia alipewa somo la saa nzima. Mimi, Palmer aliniuliza kama ndiye mwenye nyumba ya wageni.

Sikukuambia kwa sababu ungeandika jambo la kuchekesha, na lingekuwa la kuchekesha kweli.

Hawaturuhusu kuingia. Nakaa nje ya dirisha saa moja mpaka saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ananitazama kwa adabu. Kitu kimoja anachokiomba, kila siku, ni kitabu chake. Anamwambia muuguzi, binti mmoja anaitwa Yadira, "Leta kile cha changarawe, kuna mahali nataka kupaangalia." Yadira amemletea kitabu cha picha za milima. Akakirudisha, akasema mwandishi hajui anachosema.

Hakuna jirani anayependa mawe. Na usiniulize kwa nini sina nakala nyumbani. Nitakuambia ili tumalize: tulipohama mwaka 2016 lori lilijaa, na nilizitupa zote ishirini na nne nyuma ya duka la vyakula yeye akiwa kwa kinyozi. Nilimwambia masanduku yalipotea njiani. Nilichoka, Ardis. Kile kitabu kilikaa nasi mezani tangu tulipokuwa vijana.

Kwa hiyo usinitajie mambo ya ukumbini. Tuma nakala moja.

Verna


Sorrel Falls
16 Novemba 2020

Dada,

Theluji ya kwanza imeanguka. Oleta amelazwa kwa ugonjwa, lakini anaongea na anawaamuru wauguzi, kwa hiyo tuna matumaini.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta njia ya kuandika hili bila kuonekana nilivyo. Sikuipata.

Hakuna nakala. Siku mbili baada ya kukuandikia ile barua ya Juni, lilikuja lori la karatasi taka. Haugland alikuwa ameamua kwamba vitabu visivyouzwa kwa miaka mitano viondoke, isipokuwa vya waliofundisha chuoni, kama Palmer, kwa heshima. Hivyo ndivyo alivyosema, Haugland, niliyemcheka kurasa nzima. Mimi ndiye niliyebeba zile kumi na moja nikazitia kwenye lori kwa mikono yangu, nikirudi mara mbili. Mojawapo ilikuwa ya maktaba yenyewe, waliiondoa rafuni kwa kutoazimwa. Wakati unaniomba nakala moja, huenda zilikuwa zimeshakuwa karatasi za chooni, bidhaa iliyotafutwa mwaka huu kuliko kitabu chochote.

Utauliza kwa nini. Unajua kwa nini. Nilikuwa msimamizi wa stoo ya maabara ya chuo. Viangazi vitatu nilikaa kwenye kile chumba bila dirisha nikichekecha mchanga wa Palmer, gunia baada ya gunia, nikipima, nikiandika vibandiko. Nilikohoa vumbi mpaka Krismasi. Kitabu kilipotoka mwaka 1988 nilikwenda kusoma shukrani nikiwa nimesimama dukani. Alimshukuru mkuu wa chuo, alimshukuru dereva, alimshukuru mtu aliyewapa sandwichi mvua iliponyesha. Jina langu halikuwemo. Miaka thelathini na miwili nimemfanyia shemeji mzaha, na watu wanadhani nampenda sana.

Basi. Ulipoandika habari ya dirisha, nilikwenda kwa Haugland nikamwambia yote. Nilitegemea kanuni. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Ardis, tuanze kutafuta." LaVonne alimtuma mjukuu wake atafute mtandaoni, akapata picha ya jalada tu. Haugland alitangaza kwa kipaza sauti kila nusu saa, wiki tatu, kwa kila kundi la watu sita: anayemiliki *Changarawe za Bonde la Sorrel* aje mbele. Hakuna aliyekuja mbele. Kisha siku moja akaja kwangu anakimbia kinyume cha mishale yake mwenyewe.

"Delmar Boike," akasema. "Gego la juu kulia, mwaka tisini na saba. Alikuwa na kile kitabu mapajani wakati namng'oa."

Delmar anachimba visima. Alikuja kwa miadi, na buti za matope, akiwa na kitabu kwenye mfuko wa plastiki wa mkate. Verna, kitabu hicho ungekiona. Jalada limeshikwa na gundi ya kuungia mabomba. Pembezoni mwa kila ukurasa kuna penseli, tarehe, majina ya mashamba, futi.

"Nasikia unatafuta hiki," akasema. "Hakiuzwi."

"Nikiazime."

"Hakiazimwi. Nimepata maji kwenye mashamba mia na arobaini kwa hiki kitabu. Mke wangu anajua nyumba ikiungua aanze na nini."

"Mwandishi ni shemeji yangu," nikamwambia. "Ni mgonjwa. Anakiomba."

Akauliza, "Palmer Skaar? Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mimi nina ugomvi naye," akasema. "Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Amesema pale kwa Hegstad udongo wa mfinyanzi unaisha futi sitini, na chini yake kuna changarawe yenye maji. Nilichimba mpaka themanini na tano sikuona mwisho. Ilinigharimu vichwa viwili vya kuchimbia. Nipe namba ya simu, nitamsomea mwenyewe, na huo ukurasa atanijibu."

Nimempa namba ya ile nyumba uliyoandika nyuma ya bahasha. Kama nimekosea, niandikie haraka.

Ardis


Tucson
11 Januari 2021

Ardis,

Leif alikwisha kukupigia, kwa hiyo la kwanza unalijua. Palmer alifariki tarehe 19 Desemba, kwa ugonjwa huu huu, siku tano tangu aanze kukohoa. Asante kwa ua. Asante kwa kutoandika chochote kwenye kadi zaidi ya jina lako.

Mimi nala, nalala. Limau nawapa majirani, hakuna anayezitaka.

Sasa nikusimulie lililobaki. Delmar wako alipiga simu Jumapili, tarehe 6 Desemba. Yadira alifungua dirisha upana wa kiganja ili nisikie, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu. Ya Palmer niliyasikia. Ya Delmar, Yadira alinirudishia kwa sauti kubwa kupitia ule upenyo, naye hajui hata neno moja la mambo ya mawe, kwa hiyo nilipata mkalimani kama wa mahakamani.

Delmar alisoma kurasa mbili tatu za mwanzo. Palmer alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha Delmar akafika kwenye ugomvi wake, futi sitini na futi themanini na tano, na Palmer akafumbua macho.

"Ulichimba wapi?" akauliza. Ilikuwa sauti yake ya darasani. Nilikuwa sijaisikia kwa mwaka mzima.

Kwa Hegstad, akajibiwa.

"Shamba najua. Nauliza upande. Kaskazini ya kile kilima au kusini?"

Kaskazini, Yadira akanirudishia, kaskazini karibu na ghala.

"Basi ulichimba ndani ya mfereji wa mto wa kale uliojaa mfinyanzi," Palmer akasema. "Ramani iko ukurasa wa kabla yake. Umesoma mia mbili na kumi na mbili, hukusoma mia mbili na kumi na moja."

Yadira akanionyesha kwa mkono kwamba huko karatasi inafunuliwa. Kisha Delmar akasema kitu ambacho Yadira hakutaka kukirudia.

Walibishana dakika hamsini. Delmar hakukubali kwa urahisi. Akasema labda sampuli zilikosewa, labda mtu wa stoo alichanganya vibandiko. Palmer akanyoosha kidole kwenye simu, kama ilivyokuwa kawaida yake kwa wanafunzi.

"Sampuli hazikukosewa," akasema. "Zilichekechwa na Ardis, mdogo wake mke wangu. Magunia mia tatu, hakukosea hata moja. Nimemwandika kwenye kitabu. Soma shukrani."

Delmar akatafuta, akasema hamna jina hilo.

"Limo," Palmer akasema. "Nimeliandika mwenyewe."

Ardis, limo. Lilikuwemo. Mimi ndiye niliyechapa ule mswada kwenye mashine. Ilikuwa mwaka ule tulipogombana kwa sababu nilimpeleka mama kwenye nyumba ya wazee, na wewe ukaniambia mbele ya watu wa kanisa kwamba moyo wangu una jokofu. Nilifika kwenye mstari wako wa shukrani, ulikuwa mstari mrefu kuliko wa mkuu wa chuo, nikauruka. Kitabu kilipotoka Palmer alishtuka. Nilimwambia mpiga chapa ameudondosha. Alitaka kuja kwako kuomba radhi, nikamwambia umesema hujali. Baadaye mimi na wewe tukapatana, na ikawa vigumu kulitaja, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi. Kila ulipomcheka kwenye barua nilijua unamcheka kwa ajili ya nini, nikaacha.

Ningeweza kunyamaza. Anayejua kwamba niliuruka ni mimi peke yangu.

Jambo moja zaidi, na hili nakuambia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Simu ilipokwisha alichangamka, mashavu yana damu. Akanitazama dirishani. Nikadhani sasa atanitambua. Akamwuliza Yadira, "Yule mama anasubiri nani?" Nilikuwa nimekaa pale siku mia na arobaini, naye saa yake ya mwisho ya akili timamu alimpa mchimba visima. Nimeona wivu, Ardis, na nauona mpaka leo.

Verna


Sorrel Falls
8 Aprili 2021

Verna,

Oleta amerudi nyumbani, amekonda, haoshi tena kitu chochote. LaVonne amepata chanjo zote mbili. Haugland ameng'oa mishale sakafuni kwa kisu cha kukwangulia rangi, siku mbili kwa magoti, na hakukubali kusaidiwa.

Barua yako ilifika tarehe 20 Januari. Niliijibu mara nne. Majibu hayo yako kwenye jiko la kuni. La kwanza lilikuwa zuri sana, ungelia.

Sitaandika kwamba yamekwisha. Ulinichukulia mstari mmoja nami nikamchukia mtu mwema miaka thelathini na miwili, nikamtupa kwenye lori, na nilipoambiwa kwamba amekufa nilikuwa bado namdai. Hilo halirudi. Nilimwita baridi mtu asiyekuwa baridi, na aliyekuwa baridi nilimwandikia barua kila mwezi.

Lakini pia niliwaza juu ya kile kiti chako cha kukunja. Siku mia na arobaini kwenye joto lile, nje ya dirisha la mtu asiyekujua. Ingekuwa mimi ningekwenda siku kumi, halafu ningepata sababu.

Delmar alikuja wiki iliyopita, ardhi imeyeyuka. Amerudi kwa Hegstad akachimba kusini ya kilima. Maji yametoka. Akaniambia, "Ilikuwa futi sitini na mbili. Mbili hizo bado nina ugomvi nazo." Kisha akatoa kile kitabu kwenye mfuko wa mkate, akafungua shukrani, akaniomba nimwandikie pale kwa mkono wangu ule mstari kama ulivyokuwa. Nilimwambia siujui. Anayeujua ni wewe peke yako.

Tunafungua tarehe 22 Mei, ukumbi uleule, watu hamsini kwa wakati mmoja. Masanduku yamefika mia nne na sisi tumebaki saba. Leif ameniambia umechanjwa na kwamba umekaa tu huko ndani na limau zako. Nimekutandikia chumba cha juu. Kina baridi, lete soksi.

Niandikie saa ya ndege. Nitakuja kukuchukua Minneapolis mwenyewe. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na sidhani nitazungumza kabla ya saa ya pili.

Ardis